Vipepeo weupe wamejaa kwenye sukumawiki: ndio wanaotoboa majani au tunawasingizia?

#1 Tuta la Luchelele
Habari wakuu. Bustani ipo Luchelele, Mwanza, kama mita 80 kutoka Ziwa Victoria. Matuta 6: matatu ya sukumawiki, moja chainizi, moja mchicha, moja matembele. Tangu masika yakatike, vipepeo weupe wanaanza kuzunguka saa 4 asubuhi, wanatua kwenye udongo uliotoka kumwagiliwa na kwenye sukumawiki zilizotoa maua. Baada ya wiki, majani yana matundu. Mengine kama ya sindano, mengine yanapitisha kidole. Na miche 11 ya chainizi imekatwa chini kwa usiku mmoja.

Hoja yangu: hawa vipepeo ndio mama wa viwavi. Wakizuiwa kutua, kazi imekwisha. Nataka kununua neti. Mwenye hoja kinyume aseme kabla hela haijatoka.

#2 Nyigu Mdogo
Hoja kinyume ipo. Kipepeo mweupe anayekula kabichi kwenye picha za vitabu ni wa Ulaya. Huku kwetu weupe unaowaona mchana wengi ni wa aina mbili. Wa kwanza ana mishipa ya mbawa iliyochorwa kahawia au nyeusi kama ramani ya barabara. Huyo hutaga kwenye vichaka vya porini vinavyoota katikati ya mawe, jamii ya *Capparis* na *Maerua*. Wa pili ni mkubwa zaidi, mweupe wa kijani kwa mbali, anapita kasi kama amechelewa basi. Watoto wake wanakula majani ya miti ya jamii ya mjohoro. Hakuna kati yao mwenye haja na sukumawiki yako zaidi ya maua.

Mwizi wako ni nondo, na hujamwona kwa sababu anaanza kazi jua likizama. Ni mdogo, milimita 8 hivi, rangi ya kijivu na kahawia, na akikunja mbawa utaona mgongoni mstari mweupe wenye vipembe, kama almasi tatu zimepangwa. Ndiyo maana anaitwa nondo mgongo-almasi. Ukitikisa sukumawiki saa 12 jioni watatoka wakiruka chini chini kama vumbi.

#3 Bomba Lita 16
Piga dawa. Mambo ya kusoma ramani kwenye mbawa waachie wenye muda.

#4 Nyigu Mdogo
Mkuu #3, dawa gani kwa mdudu gani? Bado hatujajua nani kala nini.

#5 Mama Msusa
Mnamjibu kama vile ana mwizi mmoja. Someni tena #1, pale pana alama tatu tofauti.

Matundu ya sindano, mengi, kama jani limepigwa risasi za vumbi: hao ni mbawakawa wadogo weusi wanaorukaruka kama viroboto. Ukisogeza kivuli cha mkono wanapotea. Wanaumiza miche yenye majani 2 hadi 4. Sukumawiki iliyokomaa haiwajali.

Miche iliyokatwa usoni mwa udongo ni sota. Chimba kwa kidole kuzunguka shina, sentimita 2 hadi 5 tu, asubuhi ileile uliyokuta mche umelala. Utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya udongo amejikunja kama herufi C. Usimtafute juu ya jani mchana, hutampata.

Matundu ya kidole hapo kuna washukiwa wengi. Toka na tochi saa 3 usiku. Ukikuta njia ya ute unaong'aa ni konokono. Ukikuta vinyesi vya kijani vilivyolowa kwenye makutano ya jani ni kiwavi mkubwa. Pembeni pakiwa pameliwa kwa mapande bila kinyesi, angalia panzi. Neti haitakusaidia kwa sota aliyeko ndani ya udongo tayari, utakuwa umemjengea nyumba na ulinzi.

#6 Mwana wa Igombe
Kuna jambo mmelisahau. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji mwezi ukiandama, upepo ukiwaleta nchi kavu wanafunika kila jani. Wakifa pale wanaacha mayai. Bustani za karibu na maji ndizo zinaliwa zaidi kuliko za Buhongwa. Huo si ushahidi?

#7 Darubini
#6, si ushahidi. Wale ni visubi wasiouma. Mayai yao huenda majini, watoto wao wanaishi kwenye matope ya chini ya ziwa au wakielea majini, na wakishapata mbawa wanaishi siku chache tu, hawana habari ya kutafuna majani. Wakifa juu ya sukumawiki wanachafua, na mteja wa soko la Mlango Mmoja atakurudishia fungu, basi.

Kwamba bustani za karibu na ziwa zinaliwa zaidi, hilo kweli, ila sababu ni kumwagilia. Juni hadi Septemba kule juu kumekauka, wewe una majani laini mwaka mzima. Nondo anazaa bila likizo. Kwa joto la hapa, yai hadi nondo ni wiki 2 hadi 3, kwa hiyo usipovunja mfululizo unapata vizazi zaidi ya 15 kwa mwaka.

#8 Mwana wa Igombe
Sawa, lakini wale visubi wanaliwa na buibui na mijusi, kwa hiyo wakija wengi buibui wanashiba na viwavi wanapona. Hilo nalo mlipinge.

#9 Darubini
Hilo silipingi, sina cha kulipingia. Umeniweza.

#10 Tuta la Luchelele
Nimegeuza majani leo asubuhi. Sukumawiki: viwavi wadogo wa kijani, hata sentimita moja na nusu hawafiki, ukiwagusa wanarudi nyuma wakijinyonganyonga kisha wanaanguka na kuning'inia kwenye uzi. Kwenye majani mengine kuna sehemu zinazopenyeza mwanga kama kioo, hazijatoboka kabisa. Pia nimekuta vijidude vyeupe kama punje ya mchele uliovunjika, vimebandikwa chini ya jani. Nikajua ndio mayai, nimeponda vyote. Kwenye chainizi nimechimba, sota 4.

#11 Nyigu Mdogo
Kurudi nyuma na kuning'inia kwenye uzi, huyo ni mgongo-almasi bila ubishi. Zile sehemu za kioo ndiyo sahihi yake: anakula nyama ya jani kutoka chini na kuacha ngozi ya juu. Jani likikua ile ngozi inapasuka, ndipo unaona tundu. Kwa hiyo tundu unaloliona leo lililiwa siku kadhaa zilizopita.

Lakini hizo punje za mchele, ole wako, umeponda askari wako mwenyewe. Yai la nondo huyu ni nusu milimita, la njano, limelazwa kando ya mshipa wa jani. Bila kioo cha kukuza huwezi hata kulibishia. Ile punje nyeupe ni kifukofuko cha nyigu mdogo anayetaga ndani ya kiwavi. Buu wake anamla kiwavi kwa ndani, akitoka anafuma kifukofuko chake cheupe kando ya ganda la marehemu.

#12 Darubini
Naongezea kwa #11 ili asiponde na asiache kuponda kwa makosa. Vipo vifukofuko vya namna mbili:

Kilicho cheupe kabisa, kimefumwa kikashonana, huoni ndani: ni cha nyigu. Kiache.

Kilicho kama neti, kimefumwa wazi, ndani unaona kitu cha kijani au cha njano kimelala: hiyo ni pupa ya nondo mwenyewe. Ponda. Ila ndani ya neti hiyohiyo ukiona kama pipa dogo la kahawia lenye ncha butu, huyo ni nyigu wa aina nyingine aliyemaliza nondo akiwa amekwisha kujifuma. Acha.

Huyo wa pipa, *Diadegma semiclausum*, aliletwa Afrika Mashariki kutoka Taiwan mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kwa ajili ya kabichi za nyanda za juu. Anapenda baridi. Kwa joto la Mwanza, kwenye mita 1,140 hivi, tegemea zaidi yule wa punje nyeupe, *Cotesia vestalis*, ambaye anavumilia joto.

#13 Bomba Lita 16
Nyigu anakula kiwavi mmoja, bomba langu linaua mia. Soko halisubiri nyigu.

#14 Mzee wa Nozeli
Kijana #13, mgongo-almasi ni mdudu wa kuheshimiwa. Mwaka 1953 huko Java ndiye aliyeripotiwa kuizoea DDT. Mwaka 1990 Hawaii akaripotiwa kuizoea mashambani hata dawa ya bakteria (ya viwavi, inayotengenezwa kwa bakteria, Bt), ambayo wengine wote ilikuwa bado inawaua. Ukimpiga kila siku tano kwa dawa ya kundi lilelile, unawaua wanyonge na kuwaachia uwanja wagumu wazaliane wenyewe kwa wenyewe. Na wale nyigu wa #12 hawana ugumu huo, wanakufa kwa bomba la kwanza. Ndipo unasikia mtu anasema "nimepiga, viwavi wameongezeka". Hajadanganya.

Utaratibu wa kupiga, kwa anayelazimika:

Kwanza hesabu. Chagua mashina 20 kwa kutembea zigizaga, geuza majani. Kiwavi mmoja mmoja kwenye mashina 3 au 4 ya sukumawiki kubwa si vita, okota. Miche michanga haina subira hiyo.

Pili, soma kwenye lebo namba ya kundi (namna dawa inavyoua), siyo jina la biashara. Dawa mbili zenye majina tofauti na rangi tofauti za kopo zinaweza kuwa kundi moja, umebadilisha shati tu. Tumia kundi moja kwa kipindi cha kizazi kimoja, wiki 2 hadi 3, kisha hamia lingine. Angalia na namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Tatu, nozeli itazame juu. Mdudu yuko chini ya jani, wewe unaosha mgongo wa jani. Kabichi na sukumawiki zina nta, dawa inajikusanya matone na kudondoka. Weka kinata, au sabuni ya maji kidogo tu, kijiko cha chai kwa lita 15, kama lebo haikatazi.

Nne, siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kuna dawa za siku 3 na za siku 14. Sukumawiki inachumwa kila wiki, kwa hiyo ile ya siku 14 haina nafasi hapo hata iwe nzuri vipi.

#15 Kigingi cha Mkolani
Shikamoo #14. Umeacha maji. Wengi mnachota ziwani saa 8 mchana, kipindi maji yamekuwa ya kijani. Mwani ukipigwa na jua unanyonya hewa ya ukaa iliyomo majini na pH (kipimo cha tindikali na magadi ya maji) inapanda, inaweza kupita 8 vizuri tu. Dawa nyingi, ile ya bakteria ikiwemo, zinapoteza nguvu kwenye maji ya namna hiyo, hasa ukichanganya mchana ukaacha kwenye bomba hadi kesho. Chota alfajiri, changanya palepale, maliza palepale. Kipimo cha karatasi cha pH ni bei ya fungu chache za mchicha. Huenda usugu mnaousema nusu yake ni maji.

#16 Mzee wa Nozeli
Marahaba. Maji yamo, ila usiyatwishe yote. Bustani za kisima cha Usagara nazo zinalia usugu uleule, na huko hakuna mwani.

#17 Kigingi cha Mkolani
Visima vingine vina chumvi na magadi, pH yake nayo ipimwe. Bado niko palepale.

#18 Fundi Neti
Turudi kwa mwenye uzi, aliuliza neti. Neti inafaa, ila masharti ni haya. Matundu yasizidi milimita 1. Fito zipindwe upinde wa sentimita 60 hadi 90 kwenda juu, kwa sababu jani likigusa neti nondo anatagia kwa nje, yai linaangukia ndani. Kingo zifukiwe sentimita 10 udongoni au zilaliwe na mawe, na mawe Mwanza si bidhaa adimu. Weka siku ileile unayohamisha miche, baada ya kukagua kila mche kwenye kitalu. Ukiweka juu ya bustani iliyoliwa tayari unafungia fisi zizini.

Fungua mchana kwa palizi, funga kabla ya saa 11 jioni. Kuna watu wanafungua magharibi "mimea ipumue", na ndio muda wa nondo.

Hasara yake: vidukari wadogo wanapenya, wakishaingia wanazaliana kwa raha kwa sababu nyigu na vibibi (mbawakawa wanaokula vidukari) wamebaki nje. Kwa hiyo kila siku 3 funua upande mmoja, tazama majani ya katikati yaliyojikunja.

#19 Senene Kidogo
Chandarua cha kliniki kinafaa? Naulizia rafiki.

#20 Mama Msusa
Rafiki yako alale ndani yake. Mwanza ina mbu wa kutosha na malaria haisubiri sukumawiki. Halafu vile vina dawa ya kuua mbu, haikuandikiwa chakula.

#21 Fundi Neti
Na matundu yake ni zaidi ya milimita 1, nondo mdogo hubanana akapita. Kwa kuvulia dagaa mnatafutwa, kwa kufunika sukumawiki mtatafutwa.

#22 Mwarobaini Tupu
Majibu 20 yamepita na hakuna aliyetaja mwarobaini. Kokwa kavu gramu 500, zimenye maganda, twanga hadi ziwe unga wenye mafuta. Lita 10 za maji, loweka usiku kucha kwenye ndoo iliyofunikwa. Asubuhi chuja kwa kitambaa cha kanga, si kwa chujio la chai, maana makapi yataziba nozeli. Weka kijiko kikubwa cha sabuni ya maji. Piga jioni siku hiyohiyo, rudia baada ya siku 5 hadi 7. Kokwa zenye ukungu tupa. Jaribu kwanza kwenye mashina matano, subiri siku mbili, maana ikiwa nzito inaunguza majani machanga.

Msitegemee kuona maiti kesho. Mwarobaini unamtoa kiwavi hamu ya kula na kumharibia kujivua ngozi. Anakaa pale kama mgonjwa, halafu anaisha.

#23 Bomba Lita 16
Anakaa kama mgonjwa huku anakula kama mzima.

#24 Mwarobaini Tupu
Kwa sababu umepiga saa 6 mchana, jua limekula dawa kabla ya kiwavi. Na dawa ya bakteria ni vivyo hivyo: kiwavi, mdogo hasa, mpaka aile; akishaila anaacha kula ndani ya saa chache na kufa siku ya pili au ya tatu. Watu wanakwenda asubuhi, wanamkuta hai, wanasema dawa feki.

#25 Mwana wa Igombe
Tumbaku ya kuloweka je? Inaua papo hapo.

#26 Mzee wa Nozeli
Inaua papo hapo, na mpigaji asipovaa glavu inamzungusha kichwa. Nikotini inapenya ngozi. Halafu tumbaku ni ndugu ya nyanya. Inaweza kubeba ugonjwa wa batobato ukahamishia kwenye nyanya na pilipili. Kwa mboga ya kuchuma kila wiki, acha kabisa.

#27 Ng'wana Nsansa
Wabeja sana kwa uzi. Mmewasafisha vipepeo mno, yupo mmoja mwenye kesi ya kweli. Mwenye uzi ana tuta la matembele, aangalie kipepeo mdogo wa rangi ya chungwa, kingo za mbawa kahawia iliyoiva, anayeruka polepole karibu na ardhi. Huyo ni kipepeo wa viazi vitamu, *Acraea acerata*, na Kanda ya Ziwa na Uganda ndiko kwao. Anataga mayai ya njano kwa mafungu, 100 hadi 400 kwa fungu. Viwavi weusi wenye miiba laini wanakaa pamoja chini ya utando wiki mbili za kwanza, kisha wanatawanyika na kuanza kula usiku. Wakifika hapo umechelewa: tuta linabaki na vikonyo.

Kazi ni kwenye wiki mbili hizo. Pita kila siku 3, kata jani lenye utando zima, tia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Miiba haichomi. Kiangazi ndipo anapofumuka zaidi.

#28 Tuta la Luchelele
#27 umeniokoa. Utando upo kwenye majani 9, nimekata yote. Nilidhani ni wa buibui.

#29 Senene Kidogo
Viwavi 400 kwa fungu halafu mnawatia sabuni. Bukoba tungewauliza kwanza kama wanakaangika.

#30 Ng'wana Nsansa
Bukoba mbakie na senene zenu. Sisi majani tunayaanika, yanaitwa nsansa, na viwavi hawa hawali kilichokauka.

#31 Darubini
Ili tusiwe wadhalimu kwa upande mwingine: #2 amesema weupe hawana haja na jamii ya kabichi. Kwa wengi ni sawa. Lakini yupo mweupe mmoja wa Afrika, chini ya mbawa ana michoro ya njano na kijani iliyochanganyika, *Pontia helice*, ambaye viwavi wake wanakula jamii hiyohiyo ya kabichi na haradali. Ni wa nyanda za juu zaidi. Mwenye uzi hajatuambia chini ya mbawa pana nini. Kesi haijafungwa.

Na kwa nini weupe wananusa huku: vichaka vya *Capparis*, mgagani na sukumawiki ni ndugu wa mbali, vyote vina ule ukali wa haradali. Ukali huo ndio unaomwita mgongo-almasi kutaga.

#32 Nyigu Mdogo
Pontia nakubali yupo, kwa Luchelele nina shaka. Wanaotua kwenye udongo uliolowa ni madume, wananyonya chumvi. Utawaona hivyohivyo ng'ombe alipokojoa. Na ng'ombe hatumshtaki kwa kuzaa viwavi.

#33 Mama Msusa
Matundu ya kidole bado hayana mwenyewe. Mgongo-almasi hatoboi kiasi hicho peke yake. Tochi ilitoka?

#34 Tuta la Luchelele
Ilitoka saa 3 na nusu. Konokono 2, panzi 1, kiwavi mmoja wa kijani anayetembea kwa kupinda mgongo kama anapima kwa shibiri, na mwingine mweusi mnene mwenye madoa ya pembetatu mgongoni. Pia sukumawiki 5 moyo wake umekufa, pembeni zinachipua vichwa vidogo vitatu vinne.

#35 Mama Msusa
Hiyo ni jumuiya. Wa shibiri ni kiwavi-pima, wa pembetatu ni wale wanaotaga mafungu yaliyofunikwa manyoya kama kipande cha sufi. Tafuta hilo fungu, jani moja linabeba familia nzima.

Moyo uliokufa ni wa tano: kiwavi mwenye mistari ya urefu, anaingia kwenye kichipukizi na kufunga mlango kwa uzi na kinyesi. Hapo dawa ya juu haimfikii. Sukumawiki hiyo ing'oe kama bado changa. Kama imekomaa acha kichwa kimoja, vunja vingine, utachuma tena.

#36 Kigingi cha Mkolani
Moyo kufa kunaweza pia kuwa ukosefu wa boroni au molibdeni, au jembe limegusa. Pasua shina kwanza uone njia ya mdudu kabla ya kumhukumu.

#37 Mkono wa Jioni
Mmekwenda mbali. Kwa nini masika viwavi walikuwa wachache? Mvua inawaangusha na kuwazamisha wadogo. Basi igeni mvua: mwagilia kwa juu, kwa matone ya nguvu, saa 12 jioni hadi saa 1, muda nondo wanapandana. Dakika 10 zinatosha kuwavuruga. Hakuna shilingi ya dawa.

#38 Mzee wa Nozeli
Na jani likalala limelowa, asubuhi linaamka na ugonjwa wa kuoza kweusi: njano yenye umbo la V kutoka ukingoni, mishipa myeusi. Umefukuza nondo umekaribisha bakteria.

#39 Mkono wa Jioni
Mbegu safi na kutorudia jamii ya kabichi kwenye tuta moja kwa miaka 2 ndiyo kinga ya kuoza kweusi. Maji ya jioni hayabebi kesi yote.

#40 Kitalu cha Kisesa
Wahindi wana njia ya haradali ya mtego: kila mistari 25 ya kabichi wanapanda mistari ya haradali, wa kwanza siku 15 kabla ya kabichi, wa pili siku kama 25 baada. Nondo anaipenda haradali zaidi, anataga huko. Kwa matuta 3 ya sukumawiki, haradali kuzunguka ukingo itatosha. Ila mtego usipokaguliwa na kupigwa unageuka kitalu cha viwavi.

#41 Bomba Lita 16
Kwa hiyo nipande haradali ili niipige bomba. Mwishowe mmenirudia.

#42 Nyota ya Misungwi
Samahani kwa kuchepuka. Nyanya yangu ina mabaka ya kioo kwenye majani na vinyesi vyeusi ndani. Ndiye huyuhuyu mgongo-almasi?

#43 Darubini
Hapana. Huyo ni nondo mwingine anayeitwa kanitangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014, asili yake Amerika ya Kusini. Mgongo-almasi akitoka tu kwenye yai huchimba ndani ya jani kidogo, ila ni la jamii ya kabichi tu. Kanitangaze anakula nyanya, viazi mviringo, bilinganya na mnavu, na anatoboa tunda karibu na kikonyo. Weka mtego wa harufu ya jike juu ya beseni la maji ya sabuni, chuma majani yenye mabaka ufukie kina cha kutosha. Fungua uzi wako, huku tumejaa.

#44 Nyota ya Misungwi
Asante. Na vibibi vyekundu vyenye madoa navyo nivifukuze?

#45 Mama Msusa
Kinachong'aa kama kimepakwa vanishi ni rafiki, anakula vidukari. Mtoto wake ni kama mamba mdogo mweusi, msimuue. Kisichong'aa, kina manyoya mafupi na madoa mengi, na mtoto wake ni wa njano mwenye miiba, kinakwangua majani ya maboga na mnavu. Huyo okota. Msusa wangu hauna urafiki naye.

#46 Tuta la Luchelele
Taarifa. Neti nimeahirisha, nimenunua kioo cha kukuza. Sota wamezuiwa kwa vikopo vilivyokatwa kote, sentimita 5 juu na 3 chini ya udongo, tangu hapo hakuna mche uliokatwa. Nimeacha punje nyeupe 14 kwenye tuta la kwanza bila kupiga kitu, la pili mwarobaini, la tatu maji ya jioni. Nimemtazama mweupe mmoja chini ya mbawa: ana njano, sikuona kama ni kijani au ni kivuli cha jani.

#47 Nyigu Mdogo
Njano tupu yenye mishipa ya kahawia, au njano iliyochanganyika na kijani?

#48 Tuta la Luchelele
Aliruka. Mjusi wa kwenye jiwe, yule mwenye kichwa chekundu, alimkimbilia akamkosa.

#49 Mwana wa Igombe
Mjusi hakushiba. Visubi wamepungua, mwezi umepevuka. Nilisema #8.